Koleo Likivunjika

  Pengine mama yuko jikoni atia majani ya chai, baba ndiyo kwanza avua viatu, na watoto wamefungua madaftari yao mezani. Msiondoke karibu na redio, hasa ninyi mlio na watoto, maana maneno yetu ya leo yahusu mzazi, mtoto na kazi.

Twataka kuwasimulia habari za msichana mmoja wa Marekani aitwaye Andrea Jaeger. Alizaliwa katika mji wa Chicago tarehe 4 Juni, 1965. Jina lake lilivuma duniani kote kwa ajili ya mchezo wa tenisi, naye alipata kwa mchezo huo fedha nyingi kuliko watu wengi wapatavyo kwa kazi ya maisha yao yote. Lakini hatumtaji kwa sababu ya fedha hizo. Twamtaja kwa sababu ya mzigo alioubebeshwa angali mtoto, na kwa sababu ya yale aliyoyafanya mzigo ule ulipomwangusha.

Huenda yuko mmoja atakayeuliza, "Tenisi na neno la Mungu vina uhusiano gani?" Ndugu, Mtume Paulo hakuona haya kuwaandikia Wakorintho juu ya wanariadha na mataji yao. Aliwaonyesha jinsi mkimbiaji anavyojinyima na kujitesa, na yote hayo kwa ajili ya shada la majani ambalo baada ya siku chache limekwisha nyauka. Paulo aliutazama uwanja wa michezo akaona mafundisho ndani yake. Basi na sisi tutazame.

Tenisi huchezwa na watu wawili waliosimama huku na huku ya wavu, kila mmoja na raketi yake mkononi. Katika mpira wa miguu, mchezaji akichoka, wenzake kumi humfunika. Akikosea, lawama hugawanywa. Katika tenisi ya mtu mmoja mmoja hakuna wa kukufunika. Na siku zile mwalimu wako hakuruhusiwa hata kukuambia neno moja mchezo ukiendelea. Yeye huketi jukwaani akakutazama tu, nawe uko peke yako mbele ya maelfu ya macho. Ni mchezo mgumu kwa moyo wa mtu mzima. Je, kwa moyo wa mtoto?

Baba yake Andrea alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani, mtu aliyewahi kuwa bondia, aliyekwenda Marekani kutafuta maisha. Alijua jasho ni nini. Ndiye aliyemfundisha binti yake mchezo huu, na mafundisho yake yalikuwa makali. Msichana alikuwa na kipawa kisicho cha kawaida. Mwaka 1980, alipokuwa na umri wa miaka 14, aliingia katika tenisi ya kulipwa. Picha za siku zile zamwonyesha kama alivyokuwa: mtoto wa shule, nywele zimefungwa mikia miwili, na meno yamefungwa waya za kuyanyoosha.

Lakini mtoto huyu aliwashinda watu wazima. Mwaka huohuo alifika robo fainali kule Wimbledon, Uingereza, ambako ndiko mashindano ya tenisi yenye sifa kuu hufanyika, naye njiani alimshinda Virginia Wade, aliyekuwa bingwa wa Wimbledon mwaka 1977. Baada ya miezi michache alifika nusu fainali ya mashindano makuu ya Marekani. Ilipofika 1981 alihesabiwa kuwa wa pili duniani kati ya wanawake wote wachezao tenisi. Alikuwa na umri wa miaka 16! Mwaka 1982 alifika fainali ya mashindano ya Ufaransa, na mwaka 1983 alifika fainali ya Wimbledon. Alikwisha pata zaidi ya dola milioni moja za zawadi.

Wasikilizaji, tukiishia hapo, kila mzazi angesema, "Laiti angekuwa wangu." Tungempigia makofi, tungemwita kanisani asimame mbele tumwone, na baba yake tungempa kiti cha mbele. Lakini hebu tusikie yaliyokuwa nyuma ya pazia.

Usiku wa kuamkia fainali ile ya Wimbledon, mwaka 1983, palitokea ugomvi mkubwa kati ya Andrea na baba yake. Yeye mwenyewe aliyasimulia mambo haya miaka 25 baadaye, katika mwaka 2008. Baba alikasirika kwa sababu aliona binti hakujiandaa ipasavyo. Msichana, kwa hofu, alitoka mbio katika nyumba waliyopanga, akaenda usiku ule kubisha mlango wa mtu aliyemjua karibu na hapo. Na mtu huyo alikuwa nani? Alikuwa Martina Navratilova, ndiye yule ambaye angepambana naye kesho yake uwanjani!

Tafakarini jambo hilo. Mtoto wa miaka 18 ana fainali kesho, na usiku huo anaona afadhali kubisha kwa mpinzani wake kuliko kubaki na mzazi wake.

Siku ya pili alishindwa kwa seti mbili, 6–0 na 6–3. Mchezo haukutimiza hata saa moja. Andrea alieleza baadaye kwamba hakujitahidi siku ile, kwa kuwa aliona vibaya kumshinda mtu ambaye usiku alikuwa amemsumbua na shida zake. Nasi lazima tuseme haki: Navratilova mwaka ule hakuwa mtu wa kushindwa hovyo. Katika mwaka mzima wa 1983 alicheza michezo 87, akashindwa mmoja tu. Pengine hata kama Andrea angejitahidi kwa nguvu zake zote, kikombe kingekwenda kulekule. Lakini kwetu sisi leo, kikombe si kitu. Sisi twamtazama mtoto aliyesimama peke yake kwenye nyasi zile, mbele ya ulimwengu mzima, huku moyo wake haupo.

Mwaka uliofuata, katika mashindano ya Ufaransa, bega lake liliumia vibaya. Zilikuwa zimebaki siku chache tu atimize miaka 19. Alipasuliwa na madaktari mara kadhaa. Alijaribu kurudi uwanjani, akajaribu tena, na ilipofika 1987 mambo yalikuwa yamekwisha. Msichana aliyekuwa wa pili duniani alikuwa sasa mtu asiye na kazi, naye hajafika hata miaka 25.

Wala si yeye peke yake. Tracy Austin, Mmarekani mwenzake, alichukua ubingwa wa Marekani mwaka 1979 akiwa na miaka 16, na baada ya miaka michache maumivu ya mgongo na ya mwili yakamwondoa. Baada yao alikuja Jennifer Capriati, aliyeingia katika tenisi ya kulipwa mwaka 1990 akiwa na miaka 13 tu. Alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki kule Barcelona mwaka 1992, na mwaka 1994 akakamatwa na polisi kwa habari za bangi. Twashukuru kwamba huyu naye aliinuka tena, hata mwaka 2001 akawa bingwa wa Australia na wa Ufaransa, na wa kwanza duniani. Lakini ni machozi mangapi yaliyomwagika katikati? Wahenga walisema kweli: ngoma ikivuma sana hupasuka.

Sasa, wapenzi, twataka tuchote mambo matatu katika habari hizi, tuyapeleke nyumbani kwetu.

Jambo la kwanza lawahusu wazazi. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli mna habari za mavazi ya namna mbili. La kwanza ni lile vazi la vita la Mfalme Sauli. Daudi alipotaka kwenda kupigana na Goliathi, Sauli alimvika mavazi yake mwenyewe: kofia ya shaba, deraya na upanga. Sauli hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumsaidia kijana. Lakini mavazi yale yalikuwa ya kipimo cha Sauli, si cha Daudi. Kijana alijaribu kutembea, akashindwa, akayavua.

Vazi la pili ni lile alilolishona Hana. Baada ya kumtoa mwanawe Samweli akae hekaluni kule Shilo, Hana alimshonea joho dogo kila mwaka, akampelekea alipokwenda na mumewe kutoa dhabihu. Ninyi mnaoshona nguo mwajua maana yake. Huwezi kumshonea mtoto bila kujua kimo chake. Kila mwaka mama huyu alijiuliza, "Mwanangu amekuwa kiasi gani sasa? Mabega yake ni mapana kiasi gani?" Joho la mwaka jana halikufaa mwaka huu, na la mwaka ujao lilikuwa bado kubwa mno. Alimshonea kwa kipimo cha Samweli mwenyewe.

Basi tujiulize, sisi twawavika watoto wetu vazi lipi? Yuko baba ambaye zamani alitaka kuwa daktari akakosa karo, na sasa mwanawe hana ruhusa ya kuwa kitu kingine ila daktari. Yuko mama ambaye dada yake ana mtoto wa namba moja darasani, na kila jioni mtoto wake wa namba kumi na mbili aulizwa, "Yule aliyekushinda ana vichwa viwili?" Wako wazazi waliosikia kwamba kijana wa kijiji jirani amejenga nyumba ya mawe kwa mbio za ng'ambo, na sasa mtoto wao wa miaka 11 aamshwa alfajiri akimbizwe, apende asipende, magoti yaume yasiume. Wako hata wale wenye watoto waimbao vizuri, ambao huzungushwa makanisa saba kwa Jumapili moja kama sahani ya sadaka. Wazazi hao wote wawapenda watoto wao. Wamewavika deraya ya Sauli kwa upendo. Lakini deraya ni deraya. Yule mtoto hawezi kutembea.

Msidhani twasema mtoto asifundishwe kazi, au asirudiwe. La hasha. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kipawa kisichofunzwa huota magugu. Andrea hangeweza kucheza vile alivyocheza bila ya mtu wa kumwamsha na kumkazania. Wala hatukuja hapa kumhukumu baba yule. Mtu aliyekulia katika shida huogopa shida kuliko kitu chochote, na hofu hiyo humfanya awe mkali kwa wale awapendao. Wangapi kati yetu twaijua hofu hiyo? Lakini Paulo, alipowaandikia Waefeso, baada ya kuwakumbusha watoto wajibu wao wa kutii, mara aliwageukia akina baba akawaonya wasiwatie watoto uchungu na hasira. Kwa nini aliweka onyo hilo mahali pale pale? Kwa sababu alijua kwamba utii wa mtoto ni kitu ambacho mtu mzima aweza kukitumia vibaya.

Kuna kipimo chepesi cha kujijua. Mtoto wako akiwa na shida usiku, hubisha mlango wa nani? Akiharibu, akipata alama mbaya, akishawishiwa na watu wabaya, akipata mimba, huja kwako, au hukimbia kwako? Ikiwa mlango wako ndio wa mwisho atakaoubisha, basi ushindi wote aliokuletea nyumbani umeununua kwa bei kubwa mno.

Tena, jambo hili si la mzazi peke yake. Baada ya taabu za wasichana hao, wakuu wa tenisi ya wanawake waliona haya, wakaweka sheria mpya tangu mwaka 1995. Walisema kwamba msichana ambaye hajatimiza miaka 14 asicheze mashindano ya kulipwa, na tangu hapo hadi miaka 18 aongezewe mashindano kidogo kidogo kadiri ya umri wake. Yaani walimshonea joho la kipimo chake. Sheria hiyo iliwekwa kwa kuchelewa, lakini iliwekwa. Basi, na wazee wa kanisa, walimu, na akina mama wa vyama vyetu, je, tumewazungushia watoto wetu ua wa namna gani? Mtoto akichoshwa, akipigwa kupita kiasi, akitolewa shuleni ili alete fedha, yuko mzee hata mmoja atakayekwenda kwa yule mzazi jioni, akaketi, akanywa chai, akasema naye kwa upole?

Jambo la pili lawahusu wale ambao koleo lao limevunjika. Mhunzi hutumia koleo kushika chuma kilicho motoni. Koleo likivunjika hawezi kushika chuma kwa mkono. Kazi husimama. Lakini wahenga walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ufundi haukuwa ndani ya koleo. Ulikuwa ndani ya mhunzi.

Andrea aliondolewa bega, yaani koleo lake. Angeweza kuketi chini maisha yake yote akihesabu vikombe alivyovikosa. Angeweza kutapanya zile fedha kwa anasa, wala asingekuwa wa kwanza. Lakini hata alipokuwa mchezaji, alikuwa na desturi moja ambayo watu wengi hawakuijua: alinunua vitu vya watoto kuchezea, akaenda hospitalini kuwatembelea watoto wagonjwa. Huko hakuna aliyemwuliza ameshinda au ameshindwa. Aliketi kitandani pa mtoto, wakacheza. Na koleo lilipovunjika, aliona kwamba ufundi wake wa kweli ulikuwa huko.

Mwaka 1990, pamoja na mwenzake mmoja, alianzisha katika mji wa Aspen, katika jimbo la Colorado, kazi ya kuwatunza watoto wenye ugonjwa wa kansa. Fedha zake alizozipata uwanjani zikaingia humo. Aliuza na vitu vyake vya thamani. Wachezaji wenzake wa zamani wakasaidia. Watoto walitoka katika mahospitali mbalimbali, wale waliokatika nywele kwa ukali wa dawa, wakapelekwa milimani kwa siku chache. Huko walipanda farasi, walishuka mtoni kwa mashua, walicheza na kucheka pamoja na wenzao walio na ugonjwa uleule. Wengine walipona. Wengine hawakupona. Lakini wote kwa siku zile walikuwa watoto.

Mwaona, ndugu? Yule aliyenyang'anywa utoto wake alitumia nguvu zake kuwarudishia wengine utoto wao. Wala hakuwaambia, "Mimi niliteseka, ninyi nanyi mteseke ili mjifunze." Maneno hayo twayasikia mara nyingi. Mwalimu aliyepigwa fimbo hupiga fimbo. Mke aliyeteswa na mama mkwe humngojea mke wa mwanawe. Mfanyakazi aliyetukanwa akiwa mdogo, akipanda cheo hutukana. Uchungu hupokezanwa kama kijiti katika mbio za kupokezana. Lakini mtu akiisha kuguswa na rehema, hukishika kile kijiti na kukataa kumpa mwingine.

Mwaka 2006, mwezi wa Septemba, Andrea alivaa mavazi ya utawa katika shirika moja la Kidominiko la Kanisa la Kianglikana, akaitwa Sista Andrea. Wako miongoni mwenu watakaostaajabu, maana twazoea kuwaona masista katika Kanisa Katoliki. Lakini hata katika Kanisa la Kianglikana wako ndugu wa kiume na wa kike walioishika njia hiyo ya kuishi kwa nadhiri. Watu wa magazeti walishangaa sana: mchezaji aliyejulikana dunia nzima sasa amefunika kichwa na kuvaa msalaba! Baada ya miaka michache aliyavua mavazi yale. Lakini ile kazi ya watoto, aliyoianza kabla ya kuyavaa, hakuiacha. Nasi twaona hapo fundisho dogo la kando: Mungu hatazami kitambaa. Yule aliyetumikia akiwa na raketi, aweza kutumikia akiwa na joho, na aweza kutumikia akiwa hana lolote kati ya hayo.

Hapa lazima tuseme neno moja kwa uangalifu. Hatusemi kwamba Mungu ndiye aliyelivunja lile bega ili apate mtumishi. Wako wahubiri wasemao hivyo kwa wepesi kwenye matanga na hospitalini, na maneno yao huwaumiza watu. Bega lilivunjika kwa sababu lilikuwa bega changa, na lilibebeshwa kazi ya watu wazima. Hayo ni makosa ya wanadamu. Tusemalo ni hili, kwamba Mungu huingia hata mahali palipovunjwa na wanadamu, akaokota vipande. Yusufu aliuzwa na ndugu zake, na lile lilikuwa dhambi tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini Mungu hakukubali kwamba dhambi yao iwe neno la mwisho, naye akamtumia Yusufu huyohuyo kuwalisha wakati wa njaa.

Basi wewe unayetusikia, ambaye koleo lako limevunjika, twasema nawe. Labda ulipunguzwa kazini baada ya miaka ishirini, ukapewa barua na mkono wa kwaheri. Labda ulikuwa mwalimu, na sauti imekwisha. Labda ulikuwa dereva, na macho hayaoni tena usiku. Labda ulikuwa kijana wa mbio, na goti limekataa, na wale waliokuita bingwa hawakujui tena njiani. Asubuhi waamka huna pa kwenda, nawe wajiuliza, "Mimi ni nani sasa?" Sikiliza: jambo ulilolifanya pasipo kulipwa, pasipo kuonekana, lile ambalo moyo wako ulilikimbilia hata ulipokuwa umechoka, hilo litazame tena. Labda ulikuwa ukiwasomea barua wazee wasiojua kusoma. Labda ulipenda kupanda miche. Labda watoto wa jirani walikuzunguka ulipokuwa ukitengeneza baiskeli. Huenda uhunzi wako uko huko, nawe ulidhani uko katika koleo.

Jambo la tatu ni fupi, nalo ni juu ya taji. Tumekwisha taja lile shada la majani la Wakorintho. Kikombe cha wanawake kule Wimbledon ni sahani kubwa ya fedha. Huwekwa jina la mshindi juu yake. Jina la Andrea Jaeger halimo. Ukiingia katika nyumba ile ukazisoma hesabu za mabingwa, utapita mwaka 1983 na utasoma jina la mwingine. Lakini fikirini juu ya mtoto mmoja, miaka ile, amelala hospitalini, amechoka na sindano, mama yake amechoka kulia. Mlango wafunguliwa, anaingia dada mmoja ameshika mwanasesere. Mtoto yule hakuuliza kuhusu sahani ya fedha. Na Bwana wetu, alipofundisha juu ya siku ya mwisho, kama tusomavyo katika Mathayo sura ya 25, aliyoyataja ni njaa, kiu, uchi, ugonjwa, ugeni na kifungo. Alisema kwamba alipotembelewa mmoja wa wadogo hao, alitembelewa yeye. Hakutaja kikombe hata kimoja.

Kwa hiyo, wapendwa, kabla hamjazima redio, twawaomba mfanye jambo moja dogo. Ninyi wazazi, usiku wa leo, kabla mtoto hajalala, mwulizeni swali lisilohusu masomo wala mchezo wala kazi za nyumbani. Mwulizeni alicheka na nini leo. Msikilizeni mpaka amalize. Mpimeni kama Hana alivyompima Samweli, mjue amekuwa kiasi gani tangu mlipomtazama mwisho. Nanyi watoto mliobebeshwa mzigo mzito, msikimbie gizani peke yenu. Tafuteni mtu mzima mmoja mwenye hofu ya Mungu, mwalimu, au shangazi, au nyanya, mkamwambie. Kusema si uasi.

Na tuombe. Ee Baba yetu wa mbinguni, wewe ndiwe uliyetuumba kila mmoja kwa kipimo chake. Uwahurumie wazazi, maana hofu ya umaskini ni kali. Uwafundishe kulea bila kuponda. Uwakumbuke watoto walio wagonjwa usiku huu, na wale wanaokesha kando ya vitanda vyao. Uwashike mkono wale ambao kazi yao imevunjika, uwaonyeshe kazi uliyowawekea. Na uchungu tulioupokea kwa watu, utusaidie tusimpe mtu mwingine. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Lala salama, wasikilizaji. Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu mpaka tutakapokutana tena.